Msasa wa Sonara: Kuchagua Vifaa vya Kusugulia kwa Karakana Ndogo ya Vito

Kijana mmoja alikuja karakanani kwangu na simu mkononi. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya mashine ya msasa wa mkanda, ile ya maseremala, imeshushwa bei. "Shikamoo fundi. Nikiichukua hii si nitakuwa nimemaliza?" Nikaitikia, nikamuuliza anatengeneza nini. Pete za shaba na hereni za pembe, akasema. Nikamwomba pete moja, nikaiweka kiganjani mwake: "Nioneshe mkanda utapita wapi humu ndani." Akaitazama, akacheka, akarudisha simu mfukoni.

Ninaandika kwa ajili ya watu kama yeye: mwenye meza moja, chumba kimoja, soketi mbili za umeme na mtaji wa kuungaunga. Bei sitazitaja, maana bei ya Kariakoo ya asubuhi si ya jioni. Nitasema kipi kinunuliwe kwanza, kipi kisubiri, na kipi ukiache dukani hata kama muuzaji anakuita "bosi".

Hatua ya 1: Panga kazi zako mezani kabla ya kutoa hela

Chukua vitu kumi vya mwisho ulivyotengeneza, uvipange mezani. Vigawe kwanza kwa umbo. Kuna vilivyo bapa, kama hereni za bati na vidani. Kuna vyenye mviringo wa nje, kama bangili. Kuna mviringo wa ndani, yaani tundu la pete. Halafu kuna sehemu zenye kona na vishimo: kikalio cha jiwe, nakshi, sehemu ulipolehemu kishikizo. Ukimaliza, vigawe tena kwa mali: fedha, shaba, pembe, mfupa, kifuu cha nazi.

Fungu lenye vitu vingi ndilo linalonunuliwa vifaa kwanza. Hapo tayari umeokoa hela, kwa sababu wengi hununua kwa kuangalia mashine wakati walitakiwa kuangalia fungu.

Jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kulielewa ni hili: msasa wenyewe ni karatasi yenye chembe, na hauna umbo. Umbo linatoka kwa kilicho nyuma yake. Ukiusukuma kwa kidole, msasa utafuata nyama ya kidole: kona uliyoichonga kwa tupa italegea na bapa litaingia bonde katikati. Ukiukandamiza kwa mbao iliyonyooka, bapa litabaki bapa. Ukiuzungushia kijiti cha mviringo, utaingia kwenye pete bila kuacha ngazi. Kwa hiyo swali la kwanza ni kilicho nyuma ya msasa. Mota inakuja baadaye, na kazi yake ni mwendo tu.

Hatua ya 2: Zielewe namba, usinunue kila iliyoko rafuni

Namba iliyochapwa nyuma ya karatasi inaonesha ukubwa wa chembe. Namba ikipanda, chembe zinapungua. Kwenye kipimo cha Ulaya, kile chenye herufi P mbele, chembe ya P240 ina wastani wa mikroni 58 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), P400 ina 35, P800 karibu 22, P1200 ni 15, na P2000 ni kama 10. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 au zaidi kidogo. Yaani chembe za P240 zinakaribia unene wa unywele; zinalima mifereji, na jicho la mteja litaiona hata ukiipaka polishi siku nzima.

Ukitazama namba hizo utagundua kwamba kila hatua inapunguza chembe kwa theluthi moja hadi asilimia 40 hivi. Huo ndio mruko mzuri. Kutoka P240 kwenda moja kwa moja P1200 ni kujitesa: msasa laini utahangaika nusu saa kufuta mfereji ambao P400 ungeufuta kwa dakika mbili. Kununua namba kumi na mbili nako ni kupoteza hela. Kwa karakana ndogo namba tano zinatosha: 240, 400, 800, 1200 na 2000. Hata hiyo 240 utaigusa mara chache kama mkono wako wa tupa ni mzuri.

Kuna mtego. Karatasi isiyo na P inaweza kuwa ya kipimo cha Marekani, na vipimo hivi viwili vinaachana kadiri namba zinavyopanda. Kufikia 220 vinakwenda karibu sawa, lakini 400 ya Kimarekani inalingana na takriban P800, na 600 yao ni karibu P1200. Ukichanganya bila kujua, utatoka kwenye laini kurudi kwenye kali, kisha ushangae mikwaruzo imetoka wapi. Chagua kipimo kimoja, kaa nacho.

Kuhusu aina, utakutana na rangi mbili hasa. Karatasi nyeusi au ya kijivu ya silikoni kabaidi, ambayo mafundi wengi tunaiita msasa wa maji, na ile ya kahawia ya oksidi ya alumini, ya maseremala. Chukua nyeusi. Gundi na karatasi yake vinahimili maji, na chembe zake ni kali na zinavunjikavunjika zikitoa ncha mpya. Huna haja ya kutafuta duka la masonara: wauzaji wa rangi za magari wanazo namba zote hizi, kwa sababu anayenyoosha bodi ya gari anatumia karatasi ile ile.

Ukirudi nazo, zifunge kwenye mfuko wa plastiki, kila namba na mfuko wake. Sababu moja ni unyevu wa Pwani, unaoikunja karatasi kama jani kavu. Ya pili ni muhimu zaidi: chembe moja ya P240 ikidondokea kwenye P1200, itakuchorea mstari mmoja mrefu katikati ya kazi iliyokwisha.

Hatua ya 3: Tengeneza vijiti vyako

Sehemu hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote na karibu haina gharama, labda ndiyo maana matangazo hayaitaji.

Kijiti bapa: kata mbao iliyonyooka, urefu wa sentimita 30, upana wa 3, unene wa 1 hivi. Ipige randa au uisugue juu ya kioo hadi isiwe na mgongo. Laza karatasi ya msasa kifudifudi, weka kijiti ukingoni, kisha vuta ncha ya kisu kwenye mstari wa kona bila kuikata karatasi. Alama hiyo ndogo ndiyo siri. Karatasi itajikunja kwa kona kali na kulala kwenye mbao kama ngozi. Endelea: alama, kunja, alama, kunja, hadi karatasi nzima iishe, ufunge ncha mbili kwa selotepu. Ukunjo wa nje ukichakaa, unachana na kuutupa. Chini yake kuna mpya. Karatasi moja inakupa nyuso kadhaa, na haitelezi.

Andika namba kwenye mpini kwa kalamu ya wino mnene, pande zote mbili. Mimi nilidharau hilo, nikaichukua 240 nikidhani ni 800 na kuipitisha kwenye bangili ya fedha ambayo ilikuwa iende kwa mwenyewe jioni ile. Bangili ilienda siku mbili baadaye.

Kijiti cha pete: kipande cha mpini wa fagio ulionyooka, au bora zaidi, mbao iliyochongwa ikawa nyembamba upande mmoja. Chonga mfereji kwa msumeno urefuni mwake, uchomeke ukingo wa msasa humo, uzungushie. Ingiza ndani ya pete, zungusha pete huku ukisukuma kijiti mbele na nyuma. Usibaki sehemu moja, utatoboa bonde.

Kioo: kipande cha kioo cha dirisha cha milimita 5 au 6, kingo zikiwa zimesuguliwa zisikukate. Lowesha mgongo wa msasa wa maji, ubandike juu ya kioo. Maji yenyewe yataushika. Kwa hereni bapa na vidani, hakuna mashine ya bei yoyote itakayokupa uso ulionyooka kuliko huu. Chora namba nane polepole kwa kitu chenyewe, na katikati ya kazi kigeuze mkononi, kwa sababu vidole vyetu hukandamiza upande mmoja bila sisi kujua.

Sasa tuchukue pete moja ya fedha tuone. Imetoka kwenye tupa, nje ina mikwaruzo mirefu. Kijiti cha 400 kinakwenda kwa kufuata mzunguko wa pete mpaka alama zote za tupa ziishe. Kijiti cha 800 kinakwenda kwa kuvuka, kutoka ukingo hadi ukingo. Hapo ndipo unapoona ukweli: mstari wowote uliobaki ukifuata mzunguko ni wa 400, na hutakiwi kusonga mbele hadi ufutike. Kisha 1200, ukirudi kwenye mzunguko. Kila namba inageuza njia ya iliyotangulia. Chini ya taa iliyolazwa chini, siyo ya darini, pete inapita kutoka kijivu chenye michirizi, ikawa kijivu cha hariri, halafu ikaanza kuonesha kivuli cha kidole chako. Kabla ya kubadili namba, osha pete na mikono. Ndiyo, kila mara.

Kwa fedha kuna adui mwingine. Fedha ya 925 ina shaba asilimia 7.5, na ukiipasha moto wakati wa kulehemu, shaba iliyo karibu na uso inaungua na kuacha doa la kijivu lenye uzambarau. Halionekani mpaka unapong'arisha, ndipo linatokea kama wingu. Kwa vito vilivyoyeyushwa kutoka riale za zamani za Maria Theresa, zile zenye tarehe ya 1780 zilizozagaa Zanzibar, Lamu na Oman, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa fedha yake ni 833 tu kwa elfu na iliyobaki ni shaba. Wingu hilo halitoki kwa polishi. Rudi kwenye 400, sugua ngozi yote itoke, anza ngazi upya. Anayekuuzia gurudumu la kitambaa kwa ahadi kwamba "linatoa kila kitu" hajawahi kukutana nalo.

Hatua ya 4: Mota ya kuning'iniza, au ile ya mkononi?

Mkono ukishazoea vijiti, utajua wapi unakwama: kwenye vishimo, nyuma ya kikalio, kwenye makutano ya lehemu. Hapo ndipo mota ndogo inapostahili hela yake.

Zipo za namna mbili. Ya kwanza ni ya mkononi, kama Dremel, ambayo mota yenyewe unaishika. Inazunguka kasi sana, nyingine hupita mizunguko 30,000 kwa dakika, lakini ukiishusha chini inapoteza nguvu, na baada ya saa moja kifundo cha mkono kinalalamika. Ya pili ni mota inayoning'inizwa kwenye ndoano juu ya meza, inayopeleka mzunguko kupitia waya mnene ulio ndani ya mpira hadi kwenye kishikio chembamba, na mwendo unaamuliwa na pedeli ya mguu. Foredom ndiyo jina linalojulikana zaidi kwa aina hii, na kuna nyingi za Kichina zinazoiga umbo lake. Kasi yake ya juu mara nyingi ni kama 18,000, na hiyo inatosha na kubaki, kwa sababu vigurudumu vya mpira wa msasa hufanya kazi vizuri kati ya 3,000 na 8,000 hivi. Ukikimbiza zaidi ya hapo, unapata joto na mpira ulioyeyuka kwenye kona ya kikalio.

Kama fungu lako kubwa ni pete na vikalio, chukua ya kuning'iniza. Pedeli ndiyo sababu. Mikono yote miwili inabaki kwenye kazi, na mguu unapunguza mwendo pale unapokaribia ukingo. Kama unafanya shanga chache za mfupa na kutoboa vifuu kila Jumamosi, ya mkononi inakutosha, usijifunge.

Mambo manne ya kukagua:

Umeme. Tanzania tunatumia volti 230, Kenya 240, zote kwa hezi 50. Marekani ni 120 kwa hezi 60. Shemeji yangu alinitumia mota safi kabisa kutoka huko. Nikabadilisha plagi tu, nikaichomeka. Iliimba kwa sekunde tatu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, ikatoa moshi. Soma kibandiko kwanza. Ya volti 120 inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei ya transfoma uihesabu ndani ya bei ya "zawadi".

Mdomo wa kishikio. Vifaa vya masonara vina shina la milimita 2.35. Mashine nyingi za mkononi zinakuja na mdomo wa milimita 3.2. Hakikisha unapata koleti (kile kipete cha ndani ya mdomo kinachobana shina) ya 2.35, au kishikio chenye meno matatu yanayobana kwa ufunguo, ambacho kinashika ukubwa wowote hadi milimita 4. Bila hivyo utakuwa na mashine nyumbani na vigurudumu dukani.

Mtikisiko. Chomeka sindano ndefu au kijiti chembamba kilichonyooka, zungusha polepole, tazama ncha. Ikisimama kama nukta, sawa. Ikichora duara, kishikio kimepinda, na kila unachosugua kitakuwa na mawimbi.

Brashi za makaa, yaani vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme ndani ya mota. Zinalika, ni kawaida. Muulize muuzaji akuoneshe za akiba. Akianza kukuhadithia, ondoka.

Vya kuchomeka humo, anza na vichache. Shina lenye mkato katikati ndilo rafiki wa maskini: unachomeka ukanda wa msasa wa sentimita 2 au 3 kwenye mkato, unauzungushia chembe zikiwa nje, kwa upande ambao mzunguko wa mota utaukaza. Ukikosea upande, utafunguka na kukuchapa vidole. Ukichakaa unachana kipande cha nje. Kipenyo kinapungua kila unapochana, kwa hiyo ukanda mmoja unaanza ndani ya pete na kumalizikia kwenye kona ya kikalio. Baada ya hapo, vigurudumu vya mpira wa silikoni vya ukali tofauti. Rangi zake hazina sheria moja, kila kiwanda na rangi zake, basi nunua vya kiwanda kimoja na uandike ipi ni ipi. Mwisho ni vile visahani vyenye vidole laini vya plastiki iliyochanganywa na chembe, vinavyoingia kwenye nakshi bila kuila. Kwa 3M, za njano ni 80, nyeupe 120, nyekundu 220 na buluu 400. Ni ghali kidogo, lakini kwa kazi za nakshi sioni mbadala wake.

Onyo la mawe: sugua kabla ya kufunga jiwe. Tanzanaiti ina ugumu wa 6 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe, na chembe za msasa mweusi zinapita 9. Mpito mmoja tu wa kuteleza, na uso wa jiwe umekufa. Joto la gurudumu nalo linaweza kulipasua.

Hatua ya 5: Mashine kubwa, na kwa nini zinasubiri

Mota ya mezani yenye magurudumu ya kitambaa ni ya kung'arisha, haichukui nafasi ya msasa. Gurudumu la milimita 150 kwenye mota ya mizunguko 2,850 lina ukingo unaokimbia kama kilomita 80 kwa saa. Daladala nyingi hazifiki hapo ndani ya mji. Kasi hiyo ikidaka pete, inairusha. Ikidaka mkufu, inauzungusha pamoja na kidole. Mkufu haupelekwi kwenye gurudumu ukiwa umeshikwa mkononi, kamwe, na glavu za kitambaa hazivaliwi mbele yake, kwa sababu zinadakwa kabla ya ngozi. Ukiwa nayo, simama pembeni kidogo na ugusishe kazi chini ya mstari wa katikati, ili ikirushwa iende chini, mbali na uso.

Mashine ya mkanda ya yule kijana ina nafasi yake: kukata pembe na mfupa uwe umbo la awali. Kama hiyo ndiyo nusu ya kazi zako, fikiria ndogo yenye mkanda mwembamba. Kwa fedha inakula mali kuliko inavyokupa.

Pipa la kuzungusha lenye gololi za chuma ndilo ninalolipenda kuliko zote hizi, ila linaeleweka vibaya. Unatia gololi na vijiti vidogo vya chuma cha pua, vito, maji ya kufunika, na tone la sabuni ya vyombo, unaliacha lizunguke saa mbili tatu. Vito vinatoka vinameta na vimekazika. Lakini chuma hakikwangui. Kinapigapiga uso tu. Mkwaruzo wa 400 ulioingia nao utatoka nao, sasa ukiwa unameta. Kwa hiyo pipa linakuja baada ya 1200, na ni kwa ajili ya anayetoa hereni hamsini, siyo tano. Usinunue gololi za chuma cha kawaida kwa unafuu wake: zikilala na unyevu usiku mmoja zinashika kutu, na kutu hiyo itakwenda kwenye fedha. Mawe laini, lulu na tanzanaiti visiingie humo.

Hatua ya 6: Bajeti ya vumbi

Wengi huiweka mwisho, na mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka nilipoanza kukohoa kila asubuhi. Ihesabu kama sehemu ya kifaa.

Shaba ya njano ya kuokoteza, ya mabomba na makufuli, mara nyingi ina risasi asilimia 2 au 3, iliyowekwa makusudi ili ikatike vizuri kiwandani. Ni mali nzuri; kule Kibera, Nairobi, kuna karakana zilizojijengea jina kwa vito vya shaba hiyo na mifupa kutoka buchani. Lakini vumbi lake likiingia kwenye chakula au mapafu ni sumu, na kwa watoto ni hatari kupita kiasi. Usisugulie jikoni. Usinywe chai mezani pa kazi. Nguo za kazi zibaki karakanani.

Pembe na mfupa vikisuguliwa vikavu vinatoa vumbi laini linaloelea kutwa. Pembe ikipata joto inanuka nywele zilizoungua na inaanza kupinda. Vyote viwili, pamoja na kombe za baharini, visugue kwa maji: sahani pana, msasa mweusi, tone la sabuni. Mawe yenye kwatsi (quartz) usiyaguse makavu hata kwa dakika moja, vumbi lake linaleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu, na hiyo haina kurudi nyuma. Kifuu ni tofauti; kisugue kikavu, nje penye upepo, na mwisho ukipake mafuta ya nazi. (Na kama mteja analeta ng'amba au pembe ya ndovu akitaka umsugulie, mrudishie. Biashara hiyo ni marufuku.)

Barakoa ni FFP2 au N95, yenye kukaa vizuri puani. Leso na barakoa ya kitambaa havizuii chembe hizi. Miwani ya kinga ni lazima kwa chochote kinachozunguka. Sakafu piga deki, usifagie kavu. Ukipata feni ndogo ya kuvuta, iweke nyuma ya kazi ikitoa hewa nje ya dirisha. Feni ya darini izime, inakusambazia tu.

Hatua ya 7: Dukani

Nenda na kipande kidogo cha shaba ulichokwisha kuking'arisha kama kioo, na kichupa cha maji. Muuzaji atakushangaa, mwache.

Msasa: kunja kona ya karatasi, kwaruza kwa ukucha. Chembe zikimwagika, gundi yake ni mbovu. Lowesha kona nyingine, zungumzeni habari dakika tano, kisha isugue. Ikivuliwa ngozi siyo ya maji, hata kama imeandikwa hivyo. Halafu pitisha P1200 yake kwenye kipande chako mara kumi kwa upande mmoja. Unatafuta michirizi inayofanana. Ukiona mmoja mrefu na mzito kati ya midogo, kuna chembe kubwa imeingia kiwandani, na rundo lote halifai.

Mota: iwashwe mbele yako, izunguke dakika tatu ikiwa tupu. Shika mwili wake na kishikio. Uvuguvugu ni sawa, moto siyo. Kanyaga pedeli taratibu sana. Inatakiwa ianze kwa kutambaa. Ikiruka kutoka kimya hadi mbio, utapambana nayo maisha yake yote.

Ungeniuliza leo nianze upya na hela kidogo, ningefuata mpangilio huu: tupa mbili nzuri na namba tano za msasa; mbao, kioo na taa ya mezani; barakoa na miwani; miezi miwili mitatu ya kufanya kazi hivyo hivyo; kisha mota ya kuning'iniza na mashina yenye mkato; kisha vigurudumu vya mpira; pipa baada ya oda kuongezeka. Yule kijana amefika kwenye mota. Mashine ya mkanda hajaitaja tena.

Kitu kimoja zaidi, cha bure. Tafuta kopo lenye mfuniko, uliandike FEDHA. Kila msasa uliochakaa kwa kusugua fedha, na vumbi lililodondokea kwenye trei chini ya meza, vitie humo, usichanganye na vya shaba. Likijaa, choma karatasi hizo nje, kwenye sufuria kuukuu, na upeleke majivu kwa msafishaji wa madini pamoja na mabaki ya tupa. Za shaba ya makufuli usizichome, kwa sababu ya ile risasi.

Langu linajaa mara moja kwa mwaka hivi. La mwisho lilinirudishia fedha ya pete mbili.